Unga Shavuni

Siku hizi hakuna anayeulizwa anataka nini. Mashine inaangalia jicho lako limetua wapi kwanza, kabla hujapata nafasi ya kufikiri, na hapo ndipo ulipochagua. Ukilalamika, wanakwambia mdomo hudanganya, jicho halidanganyi.

Ndivyo nilivyochagua mtoto wa kukaa naye uzeeni. Ofisa alifungua pazia, wanangu wawili wakawa wamesimama mbele yangu. Moyoni nilishaamua kwenda kwa Raya, maana ndiye ninayecheka naye. Naye alikuwa amejifunga kilemba cha manjano kinachowaka. Lakini dada yake, Kazija, alikuwa na unga shavuni, kama mtu aliyeacha chapati jikoni akaja mbio. Jicho likaenda palepale.

"Umemchagua Kazija," ofisa akasema.

Raya alinibusu mkono, akaondoka bila kunitazama usoni. Ningemwambia nini? Kwamba nilitaka tu dada yake ajifute?

Kazija alinipa chumba chenye dirisha na uji wa moto. Sikuona pa kumlaumu. Nilipokwisha kunywa, nikalowesha ncha ya kanga yangu, nikamwita.

"Njoo nikufute huo unga, mwanangu. Umetoka nao jikoni mpaka mbele za watu."

Akapiga magoti, akanipa shavu kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Sikutoka nao jikoni, mama," akasema taratibu. "Nilijua tu ukiuona utaniangalia."

Nikaendelea kumfuta, ingawa shavu lilikuwa limeshatakata.