Mkasi wa Bi Mwanakheri

Meya alikuwa ameshasimama mbele ya utepe wa soko jipya ndipo ikagundulika kwamba hakuna aliyeleta mkasi. Karani akavuka barabara mbio hadi kwa Bi Mwanakheri, aliyekuwa akishona juani, cherehani yake juu ya kreti la soda.

"Mama, tuazime mkasi. Dakika moja tu."

"Juzi mlipovunja kibanda changu mlisema hamnijui. Leo mmenijua?"

"Wageni wanangoja, mama."

"Na mimi nangoja! Miaka kumi na tisa nimeshona palepale aliposimama huyo Meya wenu, halafu kwenye orodha ya vizimba jina langu halimo."

Karani akanyoosha mkono. Bi Mwanakheri akainuka na mkasi wake, akavuka barabara mwenyewe. Meya akatabasamu, akakinga kiganja. Bi Mwanakheri akampita. Akaukata utepe kwa pigo moja, akaingia sokoni, akasimama kwenye kizimba cha kwanza.

"Nyie askari mlionivunjia," akaita, "nileteeni cherehani yangu. Ilipo mnapajua."

Askari wakamtazama Meya. Meya alikuwa akitazama kipande cha utepe kilichoangukia juu ya kiatu chake.