Sanduku Lile Lile

Binti alijikunja sandukuni, kifuniko kikashuka, kisha sauti ikatoka ndani. "Linanipwaya. Nabingirika humu."

Wapiga ngoma wakacheka. Mama Sanduku hakucheka. Jina hilo alipewa na watazamaji wa sarakasi, na kwa miaka ishirini na miwili, kabla ya binti huyu, hakuna mwingine aliyewahi kujikunja ndani ya sanduku lile. Wa rika lake walikwisha kustaafu, huyu kwa magoti, yule kwa kiuno. Yeye aliwatania kwamba mifupa yake haijui kalenda. Ni kweli siku hizi ilimbidi kwanza akande nyonga kwa maji moto, na kuna asubuhi hata kuvaa soksi kulimshinda. Lakini sandukuni alikuwa bado anaenea.

Wivu ulimkaa rohoni tangu siku mumewe, mkuu wa kikundi, alipomleta binti huyo.

"Ni wa akiba tu, mke wangu."

Akiba gani ya kushikwa mgongo kila jioni ati anafundishwa kujipinda? Alimchukia binti kwa ulaini wa mgongo ule, na zaidi alimchukia mumewe kwa kuutazama.

Wiki hiyo mume alilipeleka sanduku kwa seremala likapakwe rangi, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya maonyesho kuanza. Safari hii mkewe alimfuata nyuma nyuma, akangoja aondoke, ndipo akajipenyeza karakanani. Seremala alikuwa uani akiranda mbao.

Kwenye kona, chini ya turubai, palikuwa na sanduku jingine. Jekundu, lenye nyota zile zile za manjano, ila dogo. Dogo la kumtosha msichana mwembamba. Kumbe mwenzake ameshatengenezewa lake, naye hana habari. Damu ilimchemka.

Basi ataingia humo humo, wamkute, wajue mwenye kazi ni nani. Alivua viatu, akaketi ndani, akakunja goti la kushoto. La kulia likagoma. Alilivuta kwa mikono miwili mpaka machozi yakamtoka, na bado mguu ulibaki nje.

Seremala alimkuta amekwama hivyo hivyo.

"Kamwambie rafiki yako nimeliona sanduku la kipenzi chake," Mama Sanduku alisema, bila kumtazama.

Seremala aliweka randa chini, akajikuna kichwa.

"Shemeji, hilo si la binti. Hilo ndilo uliloanza nalo mwaka ule ulioolewa. Jamaa kila mwaka huja nimtengenezee jingine, kubwa kidogo kuliko la mwaka uliopita, nilipake rangi zile zile. Aliniapisha nisikwambie."