Vumbi la Vigae

Kabla ya kupanda lori lenye ulinzi mkali kuliko yote nchini, dereva alitoa kipande cha kigae kwenye mfuko wa plastiki, akakisugua kwenye suruali yake, mapajani hadi magotini, mpaka ikawa nyekundu. Askari wa msafara walimwangalia bila kushangaa. Walishamzoea.

"Leo jipake mpaka masikioni," mmoja alimtania. "Mkeo anakagua kuliko hao wakaguzi wa kimataifa."

Maana mkewe alikuwa ameambiwa kwamba mumewe anabeba vigae. Miaka sita sasa, vigae tu, kutoka kiwandani hadi bandarini. Kumbe nyuma ya lori hukaa pipa nene la chuma, na ndani yake, kama alivyoambiwa, vipande vya urani iliyotumika, kutoka kwenye kinu kikuukuu cha utafiti wa nyuklia. Mzigo huo ulikuwa umerundikana ghalani miaka na miaka, hadi majirani wakaandamana, nchi za nje nazo zikaanza kuulizauliza. Ndipo ikaamuliwa urudishwe ng'ambo ulikotoka, kidogo kidogo, kwa meli. Dereva aliapa kwamba njiani husikia joto lake mgongoni.

Siku alipopewa kazi hiyo alikimbia nyumbani kumweleza mkewe. Mke hakupiga kelele. Aliweka mwiko chini, akajifuta mikono.

"Baba watoto, nyumba moja kichaa mmoja anatosha. Siku utakayobeba kitu kile, nachukua wanangu naenda kwa kaka zangu."

Na mwanamke huyo hakuwa wa kusema mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa dereva, wa gari la kubebea mashuka ya hospitali, na hata mafundi wa gereji walimwamkia shikamoo bila kupenda. Basi mume akaapa kwa mbingu na ardhi kwamba hatabeba. Kesho yake akabeba, akarudi na vumbi.

Tangu hapo, kila jioni ya safari, mke alimpokea mlangoni, akamkung'uta suruali, akamuuliza kama vigae vimefika salama. Vimefika, mama watoto, alijibu, kisha chakula kikawa hakishuki. Maskini, uongo alikuwa nao, ila kipaji cha kuubeba hakujaliwa. Alimpenda mkewe, na aliogopa siku atakayorudi akute nyumba haina watu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imefika miaka sita, lakini leo ilikuwa inakwisha. Hii ilikuwa safari ya mwisho, na waandishi wa habari walikuwa wamejazana kwenye geti la bandari na kamera zao. Jioni sura yake ingekuwa kwenye kila televisheni mtaani. Alitaka kuungama asubuhi ile ile, lakini siku za safari mke huondoka kabla yake, jogoo hajawika. Mashuka ya wagonjwa, husema, hayasubiri jua. Aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umeshapoa.

Njia nzima, ving'ora vikilia mbele na nyuma, alifanya mazoezi ya kuomba radhi. Mama watoto, nimekukosea, aliuambia usukani. Mama watoto, ni shetani. Usukani haukumsamehe.

Getini alishusha kofia mpaka puani. Mpiga picha mmoja akamwita, "Mzee, hebu tazama huku!" Na yeye, kwa mazoea ya adabu, akatazama.

Ndani ya banda, milango ilipofungwa, mkaguzi wa kimataifa, kwa mara ya kwanza mbele ya dereva, alipitisha kipimo cha mionzi juu ya pipa. Kimya. Akapitisha tena. Kimya. Dereva akasema labda betri imekwisha. Msimamizi wa bandari akacheka hadi akashika kiuno, akafungua kifuniko.

Mchanga. Mchanga safi wa kujengea.

Kwa kuwa kazi imekwisha, alisema msimamizi, siri si siri tena. Lori la ving'ora halijawahi kubeba chochote, hata siku moja. Kazi yake ni kutazamwa. Watu wanakodoa macho huku, mzigo unapita kule, kwenye gari ambalo hakuna wa kuligeukia. Wa leo ulishaingia melini tangu saa moja asubuhi.

Kwanza dereva aliona uchungu. Miaka sita ya kusikia joto mgongoni kwa ajili ya mchanga! Kisha furaha ikampanda taratibu mpaka usoni. Kumbe kiapo hakukivunja! Kitu kile hakukibeba kamwe, na mchanga na vigae ni ndugu wa tumbo moja. Leo angekaa kwenye kiti chake mwenyewe, amweleze mkewe yote, wacheke, na chakula kishuke.

Lakini kwanza alitaka kumpa mkono mwenzake.

"Ni kichaa gani huyo aliyekuwa akiubeba mzigo wenyewe?" aliuliza.

Msimamizi akaonyesha kantini kwa kidole. "Anakunywa chai pale. Mtu wa kimya sana. Miaka sita hajachelewa, na siri hii hajamwambia hata wa nyumbani kwake."

Dereva akavuka uwanja, mkono ameshaunyoosha. Nje ya kantini paliegeshwa gari dogo jeupe, mlango wa nyuma wazi, mashuka yamepangwa ndani yakiwa yamekunjwa vizuri. Akaingia. Mezani palikuwa na mtu mmoja tu, kibeji cha kupimia mionzi kifuani, kikombe mkononi. Mtu huyo aligeuka, akaitazama suruali nyekundu ya dereva kutoka juu hadi chini, akamsogezea kiti kwa mguu.

"Vigae vimefika salama, baba watoto?"