Sauti Inayofika Kesho

Bi Tatu, jirani wa Mwasiti, huapa kwamba alimpigia yowe mwizi wa kuku, na yowe lilipofika kesho yake, mwizi mwenyewe alikuwa kibarazani akimpa pole. Akatimua mbio! Siku hizi kila neno la mtu huzuiliwa na serikali likakaguliwe kwanza, ndipo lisikike baada ya siku nzima.

Mwasiti hakicheki tena kisa hicho. Jana, yeye akiwa uani anafua, mama yake mgonjwa alikata roho chumbani. Leo asubuhi wamemzika. Saa ileile ilipokaribia, Mwasiti akaketi kando ya kitanda kitupu.

Sauti ikaja, nyembamba.

“Mwasiti mwanangu, nimeangusha kikombe ninachogonga kukuita. Najua utanisikia kesho, lakini ubavu unaniwaka moto. Njoo unigeuze, mama.”