Chokaa ya Siku ya Posa

Chokaa ilipokauka, maandishi mekundu ya ukutani yakachungulia tena: FAMILIA MASKINI. MPOKEAJI WA MSAADA WA SERIKALI.

Bu Wagiyem, yaani Mama Wagiyem, alishayakwangua kwa kisu mpaka kucha zikajaa unga mwekundu. Akachovya brashi ndooni, akapaka upya. Wageni walikuwa wanakuja baada ya adhuhuri.

Tangu korona ifunge masoko ya mjini, kabichi zake zilikuwa zinaozea shambani. Pesa ambazo serikali iliwapa wakulima ndizo zilizowanunulia mchele yeye na bintiye Ningrum. Lakini wenye magari nao walijipenyeza wakazila, watu wakapiga kelele, ndipo wilaya nzima ikaamua: nyumba yoyote inayopokea ipigwe rangi ukutani, kila mpita njia aone nani anakula pesa za umma.

Pikipiki ikasimama. Katibu wa kijiji akashusha barakoa hadi kidevuni.

"Bu Wagiyem! Sheria unaijua. Anayefuta amejitoa kwenye msaada."

"Naijua, Pak," akajibu, akimwita Bwana kwa lugha ya kwao.

"Na mwezi ujao utakula nini? Hiyo chokaa?"

"Nikiyaacha haya, mwanangu ataolewa na nani? Wanaokuja kumposa ni watu wa viazi wa kule mlimani. Wana gari, wana mashamba. Wapite mbele ya aibu hii?"

"Haya, nimekutoa. Usije ukanililia ofisini."

Pikipiki ikaondoka. Bu Wagiyem akachovya tena brashi ndooni.

Ningrum alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, Bagas hayajali hayo."

"Bagas hajali. Baba yake je? Nenda kapike."

"Mchele wenyewe ndio ule wa mwisho."

"Upike wote."

Wageni walichelewa, tena walikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Gari liko gereji," alisema Bu Sarinten, mama yake Bagas, kabla hajaulizwa.

Mumewe, Pak Darsono, alisalimu kwa kichwa tu, mikono ameificha ndani ya saruni. "Baridi ya mlimani imenifuata mpaka huku," akatania.

Kisha macho yake yakaenda ukutani, yakaganda pale.

"Nyumba safi," Pak Darsono akasema taratibu. "Nilimwambia mke wangu, kwa watu kama hawa hatuwezi kwenda hivihivi. Tumehangaika tangu alfajiri."

"Ah, Pak, sisi watu wa kawaida tu."

Wakacheka wote, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize kwanza. Wali ukaliwa na wageni, ila Pak Darsono akasema chai itamtosha. Bu Wagiyem akasema ameshiba; alikula asubuhi. Posa ikakubaliwa, Bagas akamtazama Ningrum, Ningrum akainama kuficha tabasamu.

Ikabaki chai. Kwa desturi, mama wa binti humkabidhi baba mkwe glasi yeye mwenyewe. Bu Wagiyem akaibeba kwenye sinia, vidole amevikunja chini yake, maana kucha zilikuwa zimekataa kutakata.

"Karibu, Pak."

Pak Darsono akasita. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu.

Ndipo akautoa mkono ndani ya saruni, akaishika glasi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa, na ndani ya kila ukucha mlikuwa na unga mwekundu.