Jina Kwenye Mkokoteni

Kofi la tatu lilimtoa Saumu kitini, miwani ikapasukia ukutani. Bwana Ngwale, mkubwa wa soko, alikuwa ameinamia kompyuta ya studio ya picha ya Saumu, jasho linamtiririka, huku vijana wake wakimshughulikia mwenye studio. Video aliyoirekodi Saumu ya vijana hao wakimpiga hamali mpaka kufa ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, ila aliifunga kwa neno la siri kabla ya kuipandisha. Ngwale alitaka kujua imenasa sura za nani.

“Mama picha, neno la siri, au nakuvunja vidole.”

“Anza na vya kushoto basi, baba. Vya kulia kesho vina harusi.”

Kidole kimoja kikavunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Saumu akapiga yowe, akatema damu.

“Basi, basi! Ni jina lake.”

“La nani?”

“La hamali mliyemuua. Kakubebea magunia miaka yote hiyo, si unalijua?”

Ngwale akabonyeza herufi moja, akaifuta. Akawageukia vijana wake. “Alikuwa anaitwaje yule?”

Wakatazamana. “Sisi tulikuwa tunamwita ‘We mkokoteni’, bosi.”

“Aliliandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa mkokoteni wake,” Saumu akasema akiwa pale pale sakafuni. “Ule mliouchoma.”

Ngwale akatoka mbio. Soko zima lilikuwa linalijua jina lile, na soko zima likamtazama kimya, amechuchumaa kwenye majivu na suti yake, akigeuza vipande vya mbao kimoja baada ya kingine.