Trei ya Watu Wawili

“Kazi yenu hapa ni moja?” mkaguzi aliwauliza mume na mke waliokuwa kwenye tanuri la mikate.

Sheria ilidai kazi sawa, mshahara sawa. Meneja alikuwa ameshaitafutia dawa: mume aliitwa fundi, mke msaidizi.

Wakatua trei ndefu mezani, huyu huku, huyu kule. Kuanzia glavu zilipoishia, mikono yao ilikuwa na makovu yaleyale ya moto.

Mume akamtupia jicho meneja aliyesimama nyuma ya mkaguzi. “Mama watoto ananisaidia tu.”

Mke akavua glavu zake, akazikunja taratibu.

“Haya, fundi. Mikate isiungue,” akamwambia mumewe.

Mume akavuta trei ya pili peke yake. Ikalalia upande ambao mkewe husimama, na mikate ikaanza kuteleza.